Kwa nini pitosporamu zinakaukia ukutani Dodoma

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nina nyumba mpya Nzuguni, Dodoma. Mwezi wa nne nilinunua miche 30 ya pitosporamu, ile ya kufanyia ua wa kijani, nikaipanda mstari mmoja kando ya ukuta wa tofali, futi moja kutoka mche hadi mche, na kama shubiri moja kutoka ukutani. Kila jioni nawapitia na ndoo, kila mmoja unapata kama lita mbili za maji ya kisima. Sasa ni mwezi wa tisa. Miche tisa imekauka kabisa. Mingine majani mapya yamekuwa ya njano ila mishipa imebaki kijani. Upande wa geti matawi yana vitu vyeupe kama pamba, vimejaa sisimizi. Jirani anasema jua la Dodoma haliyafai maua haya, ning'oe nipande minyaa. Ning'oe? Na ikipona, nawezaje kuzalisha mwenyewe miche ya upande wa pili?

JIBU: Usiing'oe bado, ndugu yangu. Jirani yako anasema alichokiona, maana pitosporamu nyingi hufa mjini humo kabla ya kumaliza mwaka wa kwanza, lakini jua analisingizia. Aina inayouzwa zaidi kwenye vitalu, ambayo jina lake la kitaalamu ni Pittosporum tobira, asili yake ni Japani, China na Korea, na sehemu nyingi duniani hupandwa hadi ufukweni, ikapigwa na jua na upepo wa chumvi mwaka mzima. Mmea wa namna hiyo ukikauka Nzuguni, sababu itafutwe kwenye mizizi.

Anza na ile tisa. Kwaruza gome la shina kwa ukucha, karibu na ardhi. Ukiona kijani chenye unyevu, mche huo bado uko hai hata kama hauna jani, uache. Ukiona kahawia kavu hadi chini, ung'oe, ila usiutupe kabla hujautazama mzizi wake, kwa sababu hapo ndipo jibu lilipo. Bonge la udongo likitoka na umbo lile lile la kiriba ulichonunulia, mizizi haikuwahi kutoka kwenda kwenye udongo wa kiwanja. Mizizi ikiwa myeusi, laini, ngozi yake inavuka ukiivuta na inanuka, imeoza kwa maji yaliyotuama. Shina likiwa limeguguniwa pale linapoingia ardhini, na limepakwa tope jembamba, hao ni mchwa. Na mizizi yenye vinundu kama shanga ni minyoo fundo, ambayo hukaa sana kwenye ardhi iliyolimwa nyanya au bamia. Kama ndivyo, usirudishe mche mwingine kwenye shimo lile.

Kwa maelezo yako, nategemea utaona umbo la kiriba kwenye mingi kati ya hiyo tisa. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja: huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na kufikia mwisho wa Aprili imekwisha. Kwa mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600 tu. Mche uliopandwa Aprili hupata wiki mbili tatu za unyevu, kisha unakabidhiwa miezi saba ya ukavu ukiwa bado na mizizi ya kitaluni. Mwezi wa nane upepo unapoanza kuvuma mchana kutwa, majani yanatoa maji kuliko mizizi hiyo michache inavyoweza kuleta.

Sasa tuje kwenye ile ndoo ya jioni, maana ndiyo iliyofanya mabaya kuwa mabaya zaidi, ingawa umeibeba kwa moyo mwema. Piga hesabu. Lita mbili zikimwagwa kwenye duara la sentimita 50 ni sawa na mvua ya milimita 10. Kwenye udongo mwekundu wa kichanga-tifutifu uliokauka, maji hayo hushuka sentimita 8 hadi 10 tu. Kesho yake jua na upepo vinayafyonza sehemu kubwa. Mzizi hufuata unyevu. Ukiukuta juu kila siku, unajitandaza juu, mahali ambapo ardhi inaungua mchana. Kibaya zaidi, maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvichumvi na chokaa. Maji kidogo ya kila siku hukauka na kuacha chumvi hiyo juu, sentimita chache kutoka shinani. Ukiona unga mweupe juu ya udongo, au ncha na kingo za majani zimekuwa kahawia kana kwamba zimebabuliwa, ni hiyo.

Jambo la kutia moyo ni kwamba huhitaji kuongeza maji mengi. Lita mbili kwa siku ni lita 14 kwa wiki. Mpe kila mche lita 15 kwa mara moja, kila baada ya siku sita au saba, na utaona tofauti ndani ya mwezi. Kama udongo wako ni mchanga mtupu, gawanya: lita 10 kila siku ya nne. Kwa kuwa miche imebanana, tengeneza beseni moja refu la udongo kuzunguka mstari wote, upana wa sentimita 60, ukingo wa kimo cha sentimita 10, na mwaga taratibu kwa awamu tatu ili maji yazame yasikimbie. Njia rahisi ni dumu la lita 20 lililotobolewa kitako matundu mawili kwa msumari mwembamba. Liweke kando ya mche asubuhi, liache lichuruzike lenyewe. Siku ya pili chukua nondo ya milimita 8, isukume ardhini kwa mkono. Itapita kirahisi hadi pale maji yalipofika, kisha itagoma. Unataka igomee sentimita 40 au zaidi. Kama inagomea 15, rudia kumwagilia siku hiyo hiyo.

Kwa ile chumvi iliyokwisha kukaa, fanya usafi mara moja: mwagilia lita 30 kwa kila mche ndani ya siku moja, nusu asubuhi na nusu jioni, ili ishuke chini ya mizizi. Lakini kwanza pima kama ardhi inapitisha maji. Chimba shimo la sentimita 40 pembeni, lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena. Mara ya pili maji yakishuka pungufu ya sentimita mbili na nusu kwa saa, una udongo wa mbuga (mfinyanzi mzito) au sakafu ngumu chini yake, na hapo lita 30 zitakuozeshea mizizi. Pitosporamu huvumilia ukavu, haivumilii miguu kukaa majini. Sehemu kama hiyo haina dawa isipokuwa kuinua tuta la sentimita 30 na kupanda juu yake.

Njano yenye mishipa ya kijani kwenye majani machanga ni upungufu wa madini ya chuma. Usiichanganye na njano ya njaa ya naitrojeni, ambayo huanzia kwenye majani ya zamani, ya chini, na kulifunika jani zima pamoja na mishipa. Ardhi ya Dodoma haijakosa chuma. Wekundu wake ni chuma hicho hicho. Tatizo ni kwamba udongo ukiwa na chokaa nyingi chuma hufungwa, mzizi ukakikosa kikiwa pale pale. Na wewe umepanda shubiri moja kutoka ukutani. Mafundi wanapojenga, mabaki ya saruji na chokaa, vipande vya tofali na kokoto hufukiwa kwenye mtaro wa msingi. Chimba kidogo uone. Kisha chukua kiganja cha udongo wa pale, umwagie siki. Ukitoa mapovu, una chokaa ya wazi. Pima pia udongo wa mita moja kutoka ukutani. Usipotoa mapovu, umeshajua miche inatakiwa kwenda wapi.

Hapa naomba nikukataze jambo ambalo kaya nyingi hulifanya kwa nia njema: kumwaga majivu ya mkaa au kuni shinani ili kufukuza mchwa. Majivu yana nguvu ile ile ya chokaa. Kwenye pitosporamu yenye njano unamwongezea mgonjwa ugonjwa wake.

Matibabu ya sasa hivi, wakati ukisubiri mvua, ni chuma ya kileti, yaani chuma iliyoshikizwa kwenye kemikali inayoizuia isifungwe na udongo. Zipo aina kadhaa. Kwenye ardhi yenye chokaa omba iliyoandikwa EDDHA, kwa sababu nyingine hufungwa upesi kama chuma ya kawaida. Gramu 5 hadi 10 kwa mche, kwenye lita 10 za maji, mwaga ndani ya beseni baada ya udongo kuwa na unyevu, jua likiwa limeshuka. Dawa hii ni nyekundu kama damu na inatia doa kwenye tofali na nguo. Ukiikosa, sulfati ya chuma ya kupulizia majani, gramu 3 kwa lita moja ya maji, jioni, mara tatu kwa nafasi ya wiki mbili. Itakijanisha majani yaliyopo. Yatakayochipuka baadaye yataweza kurudi njano, kwa hiyo usihesabu umemaliza. Salfa ya unga husaidia kushusha ukali wa chokaa, lakini huchukua miezi, na kwenye udongo unaotoa mapovu kwa siki ni kupoteza fedha.

Pamba nyeupe ya upande wa geti. Itazame kwa karibu. Kama kila kimoja kina mwili mdogo wa kahawia-nyekundu, na nyuma yake mfuko mweupe wenye mifereji iliyonyooka kama bati la mgongo, huyo ni kidugamba-pamba, Icerya purchasi kwa jina la kitaalamu, na pitosporamu ni mojawapo ya mimea anayoipenda sana. Mfuko huo ni wa mayai, na hubeba mamia. Ananyonya utomvu na kutoa maji matamu. Maji hayo ndiyo yanayowaita sisimizi, na ndiyo yanayoota ule ukungu mweusi kama masizi juu ya majani ya chini. Sisimizi hawali mmea wako. Wanamlinda kidugamba dhidi ya maadui zake ili waendelee kulamba.

Kwa hiyo shughulikia sisimizi kwanza. Punguza matawi yanayogusa ukuta, geti na mche wa jirani ili njia ibaki moja tu, shinani. Hapo zungushia gundi-tepu ya upana wa sentimita 5, kisha paka grisi juu ya tepu. Usipake grisi kwenye gome lenyewe. Iondoe baada ya wiki nne uweke mpya juu au chini ya pale. Matawi yaliyovamiwa sana yakate uyafunge kwenye mfuko na kuyachoma. Yanayobaki yasugue kwa mswaki mkuukuu na maji ya sabuni. Kisha puliza mchanganyiko huu: lita 1 ya maji, kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji isiyo na jiki, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mwarobaini. Tikisa mara kwa mara. Lenga chini ya majani na kwenye pembe za matawi. Fanya hivyo jioni tu. Mafuta na sabuni chini ya jua la saa sita hubabua majani. Rudia kila baada ya siku 7 hadi 10, mara tatu, kwa sababu dawa hii huua watoto wanaotambaa lakini haipenyi vizuri kwenye mfuko wa mayai, na ukipuliza mara moja ukaacha, wiki mbili baadaye utawakuta wamejaa tena.

Dawa kali ya kuua kila mdudu usiikimbilie. Kidugamba huyu ana historia. Aliingia California kutoka Australia na karibu aangamize mashamba ya machungwa, hadi mwaka 1888 walipoleta kutoka huko huko Australia mbawakavu mdogo wa duara, mwekundu mwenye mabaka meusi, anayemla. Ndani ya muda mfupi mashamba yalipona. Ni mfano ambao wataalamu wa wadudu duniani kote bado wanaufundisha. Ukiona mbawakavu wa aina hiyo wakitembea juu ya pamba, au viluwiluwi vyao vyenye rangi nyekundu ya kufifia, weka bomba chini uwaache wafanye kazi. Dawa kali huwaua wao upesi kuliko adui yako, na maua ya pitosporamu, yenye harufu kama ya mchungwa, huvuta nyuki.

Sasa nafasi. Miche 30 kwa futi moja ni mstari wa karibu mita 9. Pitosporamu ya kawaida ikiachwa hufika mita 2 hadi 4 kimo, na upana karibu sawa na huo. Kwa ua wa kupogolea, nafasi inayofaa ni sentimita 75 kati ya mche na mche, na sentimita 80 hadi mita moja kutoka ukutani. Mita 9 zinahitaji miche 12 au 13. Wewe unayo 21 iliyo hai. Huna haja ya kununua hata mmoja. Kwa kweli, hata ile tisa isingekufa, baada ya miaka mitatu ingebidi uiondoe.

Usihamishe sasa. Subiri Desemba, mvua ziloweshe ardhi angalau sentimita 30 (nondo yako itakuambia), kisha hamisha siku yenye mawingu. Chimba mashimo mapya kwanza: upana sentimita 60, kina sawa na bonge la mizizi na si zaidi, maana udongo uliolegezwa chini hushuka na kuuzamisha mche. Changanya udongo uliotoa sehemu tatu kwa sehemu moja ya samadi iliyooza vizuri au mboji. Samadi mbichi ya zizini ina chumvi na joto, iache. Kata duara la sentimita 30 kuzunguka mche kwa koleo kali, uinue na bonge lake. Mizizi iliyojizungusha kwa umbo la kiriba ichane kwa kisu sehemu nne, kina cha sentimita moja. Usipofanya hivyo itaendelea kuzunguka hivyo hivyo kwa miaka. Panda bonge likiwa sentimita 3 juu ya usawa wa ardhi, shindilia kwa mikono, mwagilia lita 15, uweke kivuli cha wavu au makuti kwa wiki tatu.

Matandazo ya nyasi yangefaa mahali pengine. Dodoma yanakaribisha mchwa. Tumia kokoto ndogo au changarawe unene wa sentimita 5, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Hakikisha ni changarawe ya mto, si vipande vya zege. Mbolea ya dukani ianze wiki nane baada ya kuhamisha: NPK 17-17-17, gramu 30, yaani vijiko viwili vya chakula, ukizungusha mbali na shina wakati ardhi ina unyevu. Rudia Machi. Kiangazi usiweke kabisa. Naitrojeni nyingi huleta machipukizi laini, na hayo ndiyo chakula cha vidugamba.

Kuhusu kupogolea nitasema machache. Tumia mkasi wa mkono, ukate juu kidogo ya mahali majani yalipojikusanya. Mkasi mkubwa wa kukatia michongoma hukata majani katikati na kuyaacha na kingo za kahawia. Fanya hivyo mvua zikiendelea, baada ya maua kunyauka, na usiondoe zaidi ya robo ya mmea. Chini pawe papana kuliko juu ili mwanga ufike miguuni. Pitosporamu haina haraka. Ukuta wa kijani uliofungamana utauona mwaka wa tatu au wa nne.

Hakikisha pia ulichonacho. Jani la tobira ni nene, linang'aa, kingo zake zimekunjika kidogo chini, na majani hukaa kwa mkusanyiko kwenye ncha ya tawi. Kama yako yana majani membamba yenye mawimbi kingoni na vijiti vyeusi, hiyo ni ndugu yake wa New Zealand, anayependa ubaridi na unyevu. Yafaa zaidi Lushoto au Njombe, na kwako ningeiweka upande unaopata jua la asubuhi pekee. Yenye majani ya madoa ya krimu nayo inahitaji kivuli cha mchana. Mbegu za pitosporamu zina saponini, kemikali inayotoa povu kama sabuni, na zinaweza kuchafua tumbo la mtoto akizila, kwa hiyo vikonyo vya matunda viondoe kama una watoto wadogo.

Kwa miche ya upande wa pili, tumia kwanza ile minane itakayobaki. Ukihitaji zaidi, chukua vipandikizi mwezi wa tatu au wa nne kutoka kwenye mmea wenye afya: ncha ambazo chini zimeanza kuwa ngumu na juu bado zinapindika, urefu wa sentimita 10 hadi 12. Ondoa majani ya chini, bakiza manne au matano na uyakate nusu. Chovya kitako kwenye unga wa homoni ya mizizi, chomeka sentimita 4 kwenye mchanga wa mto uliooshwa uliochanganywa na mboji, tatu kwa moja. Funika kila kimoja kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, kifuniko kikiwa wazi, chini ya kivuli. Mizizi huchukua wiki sita hadi kumi. Vuta taratibu, kikikataa kutoka, kimeshika. Hamishia kwenye kiriba, kaa nacho kivulini kiangazi chote, na kiingie ardhini Desemba.